Maduka mapya ya Kiamunyi: nani abebe miezi ya mwanzo?

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nilisimama katikati ya kituo kipya cha maduka upande wa Kiamunyi, nje kidogo ya jiji la Nakuru, nikahesabu milango. Ilikuwa 34. Iliyokuwa wazi ni 7: kemisti, kinyozi, wakala wa M-Pesa, bucha, duka la pombe, kafe yenye meza nne nje, na ofisi ya mwenye jengo. Mingine yote vioo vyake vimepakwa chokaa kwa ndani, na kila kioo kina karatasi yenye nambari ya simu ileile. Nje ya lango mambo yalikuwa mengine. Akina mama wa mboga walikuwa na wateja wamesimama mstari, steji ya boda imejaa, na muuza mayai ya kuchemsha hakupata nafasi ya kuinua kichwa.

"Mzee, ngoja Disemba," mlinzi aliniambia. "Watu wakija likizo utapaona." Kituo kilifunguliwa mwaka jana. Disemba moja imeshapita.

Naishi huku. Nyama na dawa nanunua mle ndani, na ningependa sana kituo kile kisimame. Lakini kazi yangu ni kuwafanyia wafanyabiashara wadogo hesabu, na watu wanne wameshaniletea barua ya ofa ya kukodi pale wakiuliza kama waingie. Mmoja ni shemeji yangu, mwenye saluni mtaani. Wote nimewaambia wangoje kwanza. Mwenye jengo akijua ataniona adui, kwa hiyo ni haki nianze na upande wake.

Alipoamua kujenga hakuwa anaota. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1 katika kaunti nzima. Huku Kiamunyi mashamba ya mahindi yamekatwa viwanja, na viwanja vimeota nyumba za ghorofa moja zenye magari mawili uani. Mtu wa huku akitaka viatu vya shule au daktari wa meno anaingia mjini, anazunguka Kenyatta Avenue akitafuta pa kuegesha, analipa kaunti, anarudi jioni amechoka. Mwenye kuwaletea vitu hivyo karibu na nyumbani, penye nafasi ya gari na hewa safi, ameona jambo la kweli.

Tena amejenga kwa mkopo. Riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13 Februari 2024 na haikuanza kushuka hadi Agosti mwaka ule, na mkopo wa benki ya kawaida huwa juu ya hapo. Benki ilimkopesha kwa kuangalia karatasi moja: maduka mangapi, futi ngapi, kodi kiasi gani. Thamani ya jengo la biashara hupimwa kwa kodi linayoingiza. Basi duka tupu lililoandikwa shilingi 90 kwa futi ya mraba kwa mwezi linabaki la shilingi 90 kwenye karatasi. Akilikodisha kwa 50, limekuwa la 50, na majirani zake nao watadai 50. Wanaomlaumu kwamba ni heri apate kidogo kuliko kukosa hawajakaa mbele ya meneja wa mikopo. Na yeye pia ameumwa na nyoka: kuna wapangaji wanaohama usiku wakiacha kodi ya miezi mitatu na rafu zilizovunjika.

Kwa hiyo anangoja supamaketi. Imani yake ni kwamba mkubwa akiingia wadogo watafuata wenyewe, kizuri chajiuza. Kaunti hii ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kuishuku imani hiyo. Supamaketi ya Nakumatt ilianzia hapa Nakuru kama duka la magodoro. Tuskys ilianzia Rongai, hii Rongai yetu ya Nakuru. Naivas nayo ilianzia Rongai, mwaka 1990. Tumewazaa wote watatu, na wawili kati yao tumewazika. Nakumatt, iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Muda si muda Tuskys nayo ikaanza kufunga matawi, moja baada ya jingine. Kila jengo lililowategemea lilibaki na pengo kubwa katikati, na wapangaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa wateja wa mkubwa wakakauka.

Waliobaki wamejifunza. Supamaketi siku hizi haiingii mahali kwa sababu pamejengwa vizuri. Inahesabu kwanza nyumba zenye watu. Ikikubali, kwa kawaida inalipa kodi ya chini mno kwa futi kuliko kinyozi aliye kando yake, inadai miezi ya bure, na mara nyingine inataka kipengele kinachomzuia mwingine kuuza vyakula humo ndani. Yaani bucha ninakonunua nyama, aliyeingia mapema na kulipa kodi kamili, anaweza kuwa wa kwanza kuambiwa atoke siku mkubwa akifika.

Sasa barua ya shemeji. Nimebadilisha tarakimu kidogo ili isijulikane ni duka lipi, ila uzito wake ni uleule. Futi 400 za mraba kwa shilingi 90 ni 36,000 kwa mwezi. Ada ya huduma, shilingi 15 kwa futi, ni 6,000. Juu ya zote mbili kuna VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, asilimia 16, shilingi 6,720. Jumla 48,720 kila mwezi, inayolipwa robo mwaka mbele. Ongeza amana ya kodi ya miezi mitatu, 108,000. Chumba chenyewe anakabidhiwa sakafu ya zege na waya zinaning'inia, kwa hiyo masinki, vioo, taa, dari na bomba la maji ni juu yake, na fundi alimpigia 350,000. Kabla ya kichwa cha kwanza kuoshwa ametoa 604,160.

Leo hii mtaani analipa 9,000.

Niliketi naye nikamuuliza, ukitoa nywele za kusukia, dawa na malipo ya wasusi, kichwa kimoja kinakuachia ngapi? Akasema 500, siku nzuri. Basi ile 48,720 peke yake inataka vichwa 98 kwa mwezi, karibu vinne kila siku ya kazi, kabla ya tokeni za stima na kabla yeye hajala. Mtaani vinne anavipata kufikia saa saba. Pale, penye milango 27 iliyofungwa, nani atapita mbele ya kioo chake? Mwenye jengo anamuuzia msongamano wa watu ambao haujafika, na anataka bei ya msongamano uliokwishafika. Hapo ndipo ninapoona kosa, wala si katika kodi kuwa kubwa. Kituo kikijaa, shilingi 90 si pesa ya kugombania.

VAT nayo huwapiga watu chenga. Supamaketi imesajiliwa, hiyo asilimia 16 inaikata kwenye ushuru wake. Saluni yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kusajiliwa, na kama haijasajiliwa hairudishiwi kitu. Kwake ni kodi ya nyumba tu kwa jina lingine. Mdogo analipa bei ya juu kwa futi, kisha analipa na ushuru ambao mkubwa anaukomboa.

Kipengele kilichonifanya niseme "ngoja" ni muda: miaka 5 na miezi 3. Nambari hiyo haikuokotwa. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inawalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa wasio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, au wenye kipengele kinachoruhusu kuuvunja kabla ya muda bila kosa la mtu. Mpangaji wa namna hiyo hapandishiwi kodi wala hafukuzwi bila notisi ya kisheria, na akipinga, shauri linakwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Wenye majengo wakaongeza miezi mitatu, wakaondoa mlango wa kutokea, na ulinzi wote ukayeyuka. Sheria iliyoandikwa kumkinga shemeji asifukuzwe imeishia kumfungia ndani. Na kodi ile inapanda asilimia 7.5 kila mwaka, hivi kwamba mwaka wa tano 36,000 imepita 48,000, wateja wawepo wasiwepo.

Hata hapa namwelewa mwenye jengo. Kesi za baraza lile zinaweza kuburuta, na mpangaji mkorofi hukaa bila kulipa akisubiri tarehe. Mwamba ngozi huvutia kwake, na wote wawili wanaivuta. Tofauti ni kwamba mmoja akishindwa anapoteza kodi ya mlango mmoja kati ya 34, na mwingine akishindwa amepoteza akiba yote na bado anadaiwa miaka minne.

Kuna na hili la kituo kuwa wazi, maduka yamezunguka uwanja badala ya kufunikwa chini ya paa moja. Napenda muundo huo. Nairobi wameishi nao Village Market tangu 1995. Hauhitaji ngazi za umeme wala mashine za kupoza hewa. Lakini basi ada ya huduma ingeonyesha nafuu hiyo, maana hapa mpangaji anachangia nini hasa? Mlinzi, taa za nje na kufagia. Na Nakuru ina vumbi lake; wapo wanaosema jina lenyewe kwa Kimaasai linatokana na vumbi. Upepo wa alasiri ukivuma uwanja mzima unageuka kijivu na kafe inaingiza viti ndani. Miti iliyopandwa bado inafika magotini.

Nikirudi langoni, pale penye mboga na boda. Mwenye jengo amekataa kuwaingiza, na baadhi ya majirani zangu wanamuunga mkono. Wanasema tulitaka mahali safi, soko tunalo mjini. Nilikuwa naegemea huko pia. Kilichonigeuza ni kukaa kwenye kafe siku ya Jumanne. Magari yanakuja Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa, ila boda na matatu zinashusha watu kila siku, na watu hao wananunua kwa uchumi wa kadogo: mafuta ya kupima, nusu mkate, nyanya tatu. Ndio wangepita mbele ya kemisti na kinyozi wakielekea nyumbani. Kwa sasa ukuta mrefu umewapa kisogo. Sehemu ya mboga yenye sakafu, maji na paa, ndani ya lango upande wa barabara, haiwezi kuwachafulia wenye magari.

Kisumu wametuonyesha mwisho mmoja wa njia hii. Lake Basin Mall ya Mamboleo, iliyojengwa na mamlaka ya serikali kwa gharama iliyopaa kutoka bilioni 2.5 hadi bilioni 4.1, ilikaa miaka sehemu kubwa ikiwa tupu. Ile ilikuwa na matatizo yake ya deni na uchunguzi ambayo mtu binafsi wa Kiamunyi hana, na sitaki kumbebesha ya wengine. Lakini barabara ya Kakamega inapita pale, na mji umepanuka kuelekea huko, na bado maduka hayakujaa kwa sababu tu jengo ni kubwa na liko njiani.

Kwa hiyo ningefanyaje ningekuwa yeye? Ningeiendea benki mimi mwenyewe na hesabu ya milango iliyofungwa, maana meneja anajua vilevile kwamba karatasi ya shilingi 90 haijalipa awamu hata moja. Kisha miezi sita ya mwanzo ningemtoza mdogo asilimia 10 ya mauzo pamoja na ada ya huduma. Mauzo yanaonekana kwenye taarifa ya tili ya M-Pesa, si lazima kuaminiana kwa macho. Saluni ikiuza 150,000, kodi ni 15,000, na kwenye karatasi ya benki bei inabaki 90 ikiwa na punguzo lenye tarehe ya kuisha. Mkataba ungekuwa wa miaka miwili. Ndiyo, Sura ya 301 itamlinda mpangaji, na kupandisha kodi kutahitaji notisi na pengine kesi. Hilo ni tatizo la mtu mwenye maduka yaliyojaa. Mwenye jengo ambaye leo analipa mlinzi alinde vioo vya chokaa bado hajalifikia.

Shemeji aliandika hayo yote katika barua ya ukurasa mmoja, nikamsahihishia tarakimu, akaipeleka ofisini Jumatatu. Ajenti aliipokea kwa heshima na kusema mkubwa wake atakutana na watu wa benki. Kwa sasa shemeji amelipia kibanda chake cha mtaani mpaka mwisho wa Januari. Lakini Jumamosi ile tulikuwa wote, na nilipokuwa nahesabu milango, yeye alikwenda kwenye kioo cha tatu kutoka kwenye kemisti, akafuta vumbi kwa kiganja, akachungulia penye ufa wa chokaa. Masinki mawili, akasema, yatakaa ukuta wa kushoto, bomba liko hapo.