Klaus Töpfer na swali la nani alipie takataka

Picha ya Klaus Töpfer ambayo watu hawaisahau ni ile ya Mei 1988, waziri wa mazingira wa Ujerumani Magharibi, mtu wa karibu miaka 50, anaruka kutoka kwenye boti amevaa ile nguo ya mpira ya wapiga mbizi na kuanza kuogelea mto Rhine karibu na Mainz huku makamera yanamfuata. Na huo mto ndio uleule ambao mwaka mmoja na nusu nyuma, Novemba 1986, ghala la kampuni ya kemikali ya Sandoz liliwaka moto karibu na Basel huko Uswisi, maji ya wazima moto yakabeba madawa ya kuua wadudu tani kwa tani mpaka mtoni, maji yakawa mekundu, samaki aina ya mkunga wakaelea wamekufa maelfu kwa maelfu. Halafu jamaa akaingia humohumo kuonyesha kuwa mto unapona.

Kuna waliosema alikuwa anatafuta kamera tu, na sawa, kamera zilikuwepo. Lakini mimi huyu mzee nampendea kitu kingine kabisa, kitu ambacho hakina picha nzuri.

Mwaka 1991 alipitisha kanuni ya vifungashio. Kabla ya hapo Ujerumani ilikuwa kama kwetu tu, kampuni inatengeneza chupa, inauza, inachukua faida, alafu chupa ikiwa tupu ni shida ya manispaa na ya mlipa kodi. Töpfer akasema hapana, aliyeweka huo mfuko sokoni ndio aurudishe ama alipe wa kuurudisha. Mteja akapewa haki ya kuacha vifungashio vya nje palepale dukani, yaani unanunua dawa ya meno, unatoa tyubu, kile kiboksi cha karatasi unamwachia mwenye duka, peleka tyubu yako nyumbani. Hebu fikiria mwenye duka anavyoangalia lile rundo la viboksi jioni na kujiuliza kwani hivi vilikuwa vya kazi gani! Kampuni zilikuwa zimeshaona kanuni inakuja, mwaka 1990 zikaanzisha ule mfumo wa alama ya Grüner Punkt, yaani Nukta ya Kijani, zinalipia kulingana na uzito na aina ya kifungashio, na familia zinatenganisha taka nyumbani.

Haukuwa mfumo safi, sitadanganya. Mwaka 1993 karibu ufilisike, na plastiki zenye hiyo alama zilikutwa zimetupwa nchi za mbali huko Asia, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Ila swali lenyewe, nani alipe, halikurudi tena chini ya zulia.

Na huyu hakuwa mtu wa chama cha Kijani, alikuwa CDU, chama cha wahafidhina na marafiki wa viwanda. Alizaliwa 1938 Waldenburg, ambayo sasa iko Poland, baada ya vita familia yao ikafukuzwa huko na kuishia Höxter, mji mdogo kando ya mto Weser. Mwaka 1994 aliondolewa kwenye wizara ya mazingira akapelekwa ya ujenzi, na nafasi yake akapewa Angela Merkel.

Sasa sisi wa Nairobi tunamjua kwa sababu 1998 alikuja Gigiri kuongoza UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, akakaa mpaka 2006. Alikuta shirika liko hoi, wafadhili wamekunja mkono, na alilishika likasimama. Sio kitu kidogo hicho manake UNEP ni shirika la UN lenye makao makuu hapa Afrika. Baadae, 2011 baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima huko Japani, Merkel huyohuyo, sasa akiwa kansela, alimwita awe mwenyekiti mwenza wa tume iliyoshauri Ujerumani iachane na nyuklia ndani ya miaka kumi, na mitambo mitatu ya mwisho ilizimwa Aprili 2023. Töpfer alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 85.

Nikipita daraja la Gikomba juu ya mto Nairobi huwa nasimama kidogo. Maji meusi, chupa za soda zimekwama kwenye matope, pakiti za sabuni zile ndogondogo, na majina ya kampuni yanasomeka vizuri kabisa bado hayajafutika. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira wa Kenya alijaribu kuusafisha huu mto na watu waliona tofauti, lakini kusafisha bila kumgusa anayeleta chupa ni kama kupiga deki huku bomba limepasuka. Sheria yetu ya taka ya 2022 tayari ina hicho kipengele cha mtengenezaji kuwajibika, imeandikwa, ipo. Mimi nataka kuona hela za hizo kampuni zenye majina pale matopeni zikimfikia yule mama anayeokota chupa chini ya daraja na gunia lake, alipwe kwa kilo, kila wiki.