Kwarteti moja, miisho miwili

Kwarteti ya mtunzi Beethoven, kazi yake nambari 130, huwaachia wapigaji wake wanne, wenye fidla mbili, viola na chelo, uamuzi mgumu: waimalizie wapi? Ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 21 Machi 1826, na kundi la Ignaz Schuppanzigh, sehemu ya sita na ya mwisho ilikuwa Fyuga Kuu, ndefu ya kama robo saa; fyuga ni muziki ambamo ala huingia moja baada ya nyingine zikifuatana kwa wimbo uleule. Watu walitaka sehemu mbili fupi za katikati zirudiwe. Fyuga iliwashinda. Mchapishaji, Matthias Artaria, akaomba mwisho mwingine, na Beethoven akauandika mwaka huohuo akiwa Gneixendorf kwa mdogo wake, miezi michache kabla hajafariki Machi 1827. Fyuga ikachapishwa peke yake, nambari 133.

Wanaoitetea fyuga hudai kwamba mzee alibanwa. Hapo siwaungi mkono: alikuwa mkaidi wa kutajika, na mwisho mpya alilipwa. Hoja yao nzito imo ndani ya muziki wenyewe. Sehemu ya tano, Cavatina, huenda taratibu, na kuna mahali fidla ya kwanza inakatikakatika kama mtu anayesema huku kilio kimemkaba. Inapomalizika, fidla hiyo iko juu, kwenye noti ya G. Fyuga huanza na G hiyohiyo, wote wanne kwa pamoja na kwa nguvu. Ukisikia hivyo ukumbini, ni vigumu kubisha.

Ila mwisho mpya nao huanza na G! Safari hii ni viola peke yake, inarukaruka kwa wepesi kati ya G ya chini na ya juu. Aliyeandika hivyo alijua anaunganisha nini na nini.

Mimi nauchagua mwisho mpya. Kwarteti hii ina Presto, sehemu ya mbio, ya dakika mbili hivi na dansi ya Kijerumani. Fyuga ikija, zote zinamezwa. Nakiri kuna gharama: Cavatina haijatulia moyoni, tayari tunachangamshwa. Wapo wanaopiga miisho yote miwili mfululizo, jambo ninaloliona ni kukwepa kuamua. Fyuga ipangwe mwanzoni mwa onyesho, ipigwe peke yake, masikio yakiwa bado mapya.