Kusoma -78 hakumaanishi mtandao uko safi

Hili limeniuma, acha niliseme. Mjomba wangu kule Kibosho, Kilimanjaro, ana sensa za unyevu wa udongo kihambani, yaani shamba la nyumbani, katikati ya kahawa na migomba, zinarusha data hadi kipokezi kilichofungwa ukutani nyumbani. Wiki iliyopita ile ya chini ikawa inanyamaza nyamaza, yeye anaona namba za asubuhi anajua udongo bado una maji, zamu yake ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, ikapita hivyo. Fundi akaja, akafungua laptopu, akaona -78 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikizidi kwenda chini ya sifuri ndo yanafifia), akasema mzee mtandao uko safi, sensa ndo mbovu, nunua nyingine. Mtu anauza ndizi apate hiyo hela!

Nilikaa na ile laptopu mpaka saa tatu usiku. Kila pakiti, yaani kifurushi cha data sensa inachorusha, ina namba yake, nikasoma moja moja: 412, 413, 417, 418, 425. Zote -77, -78, -79. Sasa 414 iko wapi? Haina dBm yoyote manake haikufika, na chipu inaandika nguvu ya pakiti iliyoipokea tu. Ni kuita majina ya waliohudhuria kikao halafu unaandika wanachama wote wamekuja.

Nakubali, dBm inasaidia unapotafuta pa kuchimbia nguzo, ukiona -95 hamisha tu, chipu nyingi za aina hii hapo zinakaribia mwisho wa kusikia. Lakini nguvu ya mawimbi haikwambii kuna kelele gani pembeni, na ruta ya waifai ya mjomba ilikuwa inaning'inia shubiri moja kutoka kwenye kipokezi, zote gigahezi 2.4!

Mafundi, hesabuni pakiti. Zimetumwa 100, zimefika ngapi, na majibu mangapi ya "nimepokea" yamerudi, kwa sababu kwenda na kurudi havifanani. Kipimo cha ETX, yaani pakiti itatumwa mara ngapi mpaka ithibitike, kipo tangu 2003: zikifika asilimia 70 na majibu yakarudi asilimia 70, unazidisha unapata 0.49, unagawa 1 kwa hiyo, yaani kila pakiti inatumwa kama mara mbili ndo ithibitike. Hapo betri inaliwa na hakuna anayejua. Kuhesabu kunachukua muda, ndiyo, kaa usubiri.

Jumamosi tukahamisha ruta, tukapeleka sensa chaneli ya 26, mbali na waifai nyingi. Mjomba mwenyewe akahesabu kwenye daftari lake la kahawa: kati ya 100 zimefika 96. Sensa ileile, na kwenye kioo bado -78.