Dirt: ushuhuda wa teja au tangazo la unga?

Mwishoni mwa Aprili 1992, Alice in Chains, bendi ya roki kutoka Seattle, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kurekodi albamu yake ya pili, Dirt, huko Los Angeles, mara ghasia zikalipuka baada ya polisi waliompiga Rodney King, dereva Mweusi, kuachiwa na mahakama. Wanamuziki wakakimbilia jangwani Joshua Tree na Tom Araya, mwimbaji wa bendi ya metali ya Slayer, hadi mji ulipotulia. Wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba giza la Dirt lilitokana na moshi wa siku zile. Sikubaliani nao. Giza hilo bendi iliingia nalo studio: mwimbaji Layne Staley alikuwa amekwishapelekwa kwenye matibabu ya kuacha heroini, na unga ukamrudia.

Wanaoilaumu albamu hii kwamba inatangaza unga wana hoja nzito. Katika "Junkhead", teja anajigamba kwamba hafilisiki, na kwamba asiyebwia hawezi kumwelewa abwiaye. Kijana wa miaka kumi na sita akiusikia wimbo huo peke yake, nani atamwambia kwamba huyo anayejitapa ni mgonjwa? Staley mwenyewe, alipohojiwa na jarida la Rolling Stone mwaka 1996, alisikitika kwamba mashabiki walimfuata wakimwonyesha dole gumba na kumwambia wamelewa dawa. Hilo, alisema, ndilo hasa asilolitaka.

Watetezi husema: sikiliza nyimbo kwa mpangilio wake. Majigambo ya "Junkhead" ni mwanzo wa safari tu. Kufika "Hate to Feel" na "Angry Chair", ambazo Staley alitunga peke yake, maneno na muziki, starehe imekwisha na kilichobaki ni mtu na hofu yake. Albamu inafungwa na "Would?", wimbo ambao mpiga gitaa Jerry Cantrell aliandika akimkumbuka Andrew Wood, mwimbaji wa bendi ya Mother Love Bone, aliyeuawa na heroini Machi 1990. Tena "Junkhead" haikutolewa kama singo. "Angry Chair" ilitolewa. Kwenye maneno, basi, naona watetezi wanashinda.

Ila pande zote mbili zinagombania maneno, wakati hatari iko kwenye sauti. Staley alirekodi sauti yake juu ya sauti yake, tabaka juu ya tabaka, na Cantrell akaongeza yake pembeni. Matokeo yake ni uchungu unaopendeza mno. Arosto, mateso ya teja aliyekosa unga, ambayo aliyewahi kuishuhudia kwa ndugu yake anajua ilivyo jasho, kutapika na kuomba kufa, humu inakuwa wimbo unaotamani kuurudia. Hakuna mashairi ya onyo yanayoweza kuufuta uzuri huo, wala sidhani waliweza kuyaimba kwa namna nyingine yakasikika.

Swali la pesa ni gumu zaidi. Mtayarishaji Dave Jerden amesimulia jinsi alivyokosana na Staley kwa sababu ya dawa. Angalau alimwambia. Kazi lakini haikusimama, na kampuni ya rekodi ya Columbia ikaitoa albamu tarehe 29 Septemba 1992. Ilifika nafasi ya 6 kwenye chati ya albamu ya jarida la Billboard na imeuza zaidi ya nakala milioni 5 Marekani. Mwaka huohuo Staley alivunjika mguu akiendesha pikipiki ya magurudumu manne, akapanda jukwaani na magongo ziara ikaendelea. Kama ratiba haikungoja mfupa uunge, ingengoja mtu aache unga?

Staley alifariki Aprili 2002 akiwa na miaka 34, peke yake nyumbani kwake Seattle, na mwili ukakutwa wiki mbili baadaye. Mpiga besi Mike Starr, aliyecheza kwenye albamu hiyo, alifuata mwaka 2011. Walaumu huvitaja vifo hivi kama ushahidi, na watetezi nao huvitaja kama ushahidi kwamba Staley alikuwa akisema kweli. Mimi naona havithibitishi lolote kuhusu muziki. Uraibu wake ulitangulia albamu. Ninachowalaumu waliokuwa na mamlaka juu ya kalenda ni kwamba walisikia maneno yaleyale tunayoyasikia sisi, tena kabla yetu, wakati mwenye kuyaimba alikuwa bado nyuma ya kioo cha studio.