Mabilioni ya soko la saratani ya ini hayatafika Mwaloni

Wachambuzi wa masoko ya dawa wanatabiri kwamba biashara ya matibabu ya saratani ya ini itazidi kupanda mwaka hadi mwaka, kwa mabilioni ya dola. Nyingi ya hesabu hizo huangalia nchi saba tu: Marekani, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania, Uingereza na Japani. Ukerewe hatumo, Sengerema hatumo, Afrika nzima haimo. Na huku ndiko ugonjwa huu unakowakamata watu wakiwa bado na nguvu zao, wengi katika miaka ya 30 na 40, wana watoto shuleni na mkopo wa nyavu haujaisha.

Dawa zenyewe sizidharau hata kidogo. Kidonge cha sorafenibu kilipoidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini mwaka 2007, nusu ya wagonjwa waliokuwa wamekitumia katika majaribio walivuka miezi 10.7 wakiwa hai, kwa wasiokipata ilikuwa 7.9. Mwaka 2020 zikaja atezolizumabu na bevasizumabu, dripu mbili za kila wiki tatu, na nusu ya wagonjwa wakavuka miezi 19. Familia iliyoongezewa miezi hiyo na baba yao inajua thamani yake.

Tatizo la kwanza ni bei, na bei inaweza kushushwa. Machi 2012 serikali ya India iliipa kampuni ya Natco leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza sorafenibu bila ridhaa ya mwenye hataza (haki ya uvumbuzi), na gharama ya mwezi mmoja ikaporomoka kutoka rupia kama 280,000 hadi 8,800. Bayer, wenye hataza, wakaenda mahakamani wakashindwa. Serikali zetu za Afrika Mashariki zikikaa meza moja kununua dawa za saratani kwa pamoja, nazo zitasikilizwa.

Lakini hata bei ikishuka, kuna jambo ambalo wakazi wa ziwani tunapaswa kulizungumza. Bevasizumabu huongeza hatari ya kuvuja damu. Kwa hiyo kabla ya kuanzishiwa, mgonjwa hupitishiwa kamera kwenye umio ili daktari aone kama kuna mishipa iliyovimba. Sasa fikiria mvuvi wa dagaa aliyekulia majini, mwenye kichocho cha tumbo tangu utotoni. Kichocho huacha makovu kwenye ini, damu inakosa njia, mishipa ya umio inatuna. Visiwani hakuna asiyemjua mtu aliyetapika damu akafa kabla mtumbwi haujafika ng'ambo. Mgonjwa wa namna hii hayumo katika makisio ya nchi saba. Anahitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho, mapema, anahitaji kamera iliyo karibu, na anahitaji mtaalamu wa kuitumia.

Kichocho hichohicho ndicho kinachotuchelewesha. Jirani yetu mmoja, fundi wa mashine za mitumbwi, tumbo lilianza kujaa, macho yakawa ya manjano, mbavu za kulia zinamuuma. Mtaani wakasema kichocho. Wengine wakasema karogwa, akazungushwa kwa waganga. Alipopigwa altrasaundi, ini lilikuwa limeshajaa uvimbe, na kipimo cha damu kikaonyesha homa ya ini B ambayo huenda alizaliwa nayo au aliipata utotoni. Hakuna aliyewahi kumpima. Alikuwa hajafika miaka 40.

Homa ya ini B ndiyo chanzo kikubwa cha saratani hii kwetu, na hapo ndipo ningependa kila shilingi ianzie. Tanzania iliingiza chanjo yake kwa watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, nikiwemo mimi, hatukuipata kliniki, na ndio watakaougua miaka ijayo kama hawatapimwa leo. Taiwan walianza kuchanja watoto mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikapungua sana. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Kumsubiri mtoto afikishe wiki sita ni kumwachia kirusi nafasi.

Kwa aliyekwisha kuambukizwa ipo tenofoviri, dawa ya kukizuia kirusi. Ni dawa ileile iliyomo kwenye kidonge wanachopewa bure watu wanaoishi na VVU. Mwaka 2024 kwenye soko la dunia ilipatikana kwa dola 2.4 kwa mwezi, na mwongozo wa Machi 2024 wa Shirika la Afya Duniani umepanua idadi ya wanaostahili kuianza. Hata hivyo nimekutana na watu wenye homa ya ini B pekee wanaoinunua kwa fedha za mfukoni, wakikosa wanaacha. Hili linaniuma kuliko bei ya dripu za Ulaya.

Tusisahau sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na nafaka. Pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nimewatazama akina mama wakichambua karanga: nzuri zinaingia kwenye kopo la sadolini la kuuza, zilizosinyaa na zenye ukungu zinawekwa kando, kisha zinauzwa bei ya chini za kusaga mboga. Zinaliwa na wasio na uwezo. Moto wa jiko hauimalizi sumu hiyo, na kwa mwenye homa ya ini B inazidisha hatari ya saratani maradufu na zaidi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa muda mfupi. Huku inaua taratibu, na hakuna anayeihesabu.

Kwa hiyo ukienda hospitali kwa jambo lolote, omba kipimo cha homa ya ini B. Ukikutwa huna, chanjo ya mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Ukikutwa nayo, mwenzi wako, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe wote, nawe uulizie altrasaundi ya kila miezi sita, kwani uvimbe ukionekana ukiwa mdogo unaweza kukatwa.