Nimemwonea Wivu Mburma

Kuna mzee mmoja Mburma, yaani mtu wa Myanmar, hapa Tokyo ananitia wivu. Anauza mohinga, ile supu yao ya samaki na tambi, kwenye kijimgahawa cha ghorofani karibu na stesheni ya Takadanobaba, mtaa uliojaa Waburma mpaka watu wanauita Yangon Ndogo. Juzi nilikuwa nasubiri bakuli langu, nikamsikia anabishana na kijana wa kwao habari za yen. Nikadhani ni deni la mgahawani, kumbe ni deni la nchi! Mzee ana karatasi za mazungumzo ya Aprili 2012 kati ya Thein Sein, rais wa Myanmar wakati ule, na Yoshihiko Noda, waziri mkuu wa Japani, kazipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na anakwambia kipengele kwa kipengele nani aliahidi nini.

Wakati ule majenerali walikuwa wamevua magwanda, mpinzani wao Aung San Suu Kyi ndiyo kwanza kashinda kiti cha ubunge. Japani ikakubali kusamehe zaidi ya yen bilioni 300, ila malimbikizo yasifutwe mpaka upite mwaka mmoja wa kutazama kama mageuzi yanakwenda kweli. Hapohapo wakazungumzia pia eneo la viwanda la Thilawa, nje kidogo ya Yangon. Demokrasia na viwanda vikapikwa chungu kimoja, na mzee anasema tangu siku ile alijua kipi kitaiva kwanza.

Jeshi lilipopindua serikali tarehe 1 Februari 2021, Japani ilisema haitatoa misaada mipya. Ile ya zamani ikaendelea. Kwenye mradi wa daraja la mto Bago, fedha zikafika mpaka kwenye kampuni ya jeshi lilelile. Waburma wa hapa hawakunyamaza. Walikwenda Kasumigaseki, wakasimama na mabango mbele ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani, wakauliza hela inakwenda wapi. Polisi wakawaonyesha pa kusimama na kuwaomba wapita njia wazunguke upande wa pili. Basi, hayo tu. Hakuna aliyepakiwa kwenye difenda la polisi.

Hapo ndipo wivu wangu ulipo. Hawa ni wageni, wengine hata ukimbizi wao uliombwa miaka na miaka, na Japani ni bahili wa ukimbizi kupita kiasi. Lakini wanaiuliza serikali isiyo yao imekubaliana nini na ile iliyowafukuza. Sisi Watanzania wenye nchi yetu, wenye katiba yetu mkononi? Walioupigia mistari mkataba wa bandari na DP World ya Dubai mnajua walilala mahabusu gani Agosti 2023. Flaiova ya Mfugale pale Tazara, Dar, mnaipita kila siku, mtu akiuliza ilijengwa kwa masharti gani, jibu ni moja: "Si msaada wa Wajapani?" Kwisha habari.

Najua mnachokwenda kuandika. Kala sushi kidogo, kasahau ugali. Kawa kibaraka wa mabeberu. Jamani, Japani si beberu wangu, hapa hata nyumba ya kupanga nimenyimwa kwa sura yangu, mwenye nyumba anatabasamu na kuinama huku ananifungia mlango. Na hela ninayotuma nyumbani hamjawahi kuiita ya kibaraka. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walipelekwa Bama, yaani Burma hiyohiyo, wakalivuka bonde la Kabaw mvua inawanyeshea na malaria inawamaliza, mpaka mto Chindwin, wanapigana na hawahawa Wajapani kwa ajili ya himaya ya mtu mwingine. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Yeye hakuwa na pa kuulizia. Mimi na wewe tunapo, ila tumefundishwa kuogopa.

Mwingine atasema mazungumzo ya serikali na serikali ni siri, ndivyo dunia inavyokwenda. Sawa, yanapoendelea. Yakishatiwa saini je? Tamko la 2012 lilitangazwa na yule mzee akalipata akiwa na aproni yake kiunoni. Sisi tunapata picha ya viongozi wameshikana mikono, na idadi ya hati zilizosainiwa.

Halafu msidhani nawapamba Wajapani. Agosti 2025, kwenye TICAD ya Yokohama, ule mkutano wa Japani na Afrika, shirika lao la misaada, JICA, liliuita mji wa Nagai, kule Yamagata, "Home Town" ya Tanzania, yaani mji wa nyumbani. Uvumi ukazuka kwamba tumepewa mji, kwamba Waafrika wanamiminika na viza maalumu. Nikiwa kwenye treni wiki zile nilihisi macho mgongoni. Ilikuwa chuki, sina jina jingine. Watu wakapiga simu halmashauri mfululizo, wakaandamana, mpaka Septemba mpango mzima ukafutwa.

Waliuliza vibaya, tena kwa uongo. Lakini waliuliza, na serikali yao ikalazimika kutoka na kueleza mpango ule ulikuwa nini na haukuwa nini. Upande wa pili wa mpango tulikuwa sisi. Nimewauliza ndugu zangu wa Dar kama walisikia, wakanijibu: "Nagai ndiyo wapi?"