Kijiko cha nyuma si jembe

Mikono mitatu ya nyuma ya trekta iliwekwa kwa ajili ya jembe, haro na mashine za kupandia. Haikuwekwa kwa ajili ya kijiko cha kuchimbia mashimo. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kila nikizunguka gereji za Tabata, Buguruni na Mbagala nakuta trekta lenye ndoo ya mbele linafungwa kijiko nyuma kwa pini mbili za chini, moja ya juu, na mnyororo wa kushikilia. Jioni mwenye mali anakabidhiwa funguo, anaambiwa aende akapige kazi.

Naelewa kinachotusukuma. JCB kamili ni hela nyingi, na Dar kazi ya kuchimba haiishi: karo, misingi, mitaro ya mabomba, vifusi vya kuondoa. Mtu mwenye trekta lake la kupakia mchanga akipata kijiko kilichotumika, kimeshuka bandarini rangi bado inang'aa, anaona kapata mashine ya pili kwa bei ya mkokoteni. Na mimi niliona hivyo hivyo.

Langu ni la nguvu za farasi 50. Kijiko kilifungwa kwa siku moja. Wiki ya tatu tulikuwa Chanika tunachimba shimo la karo, tumeshafika futi sita, meno ya ndoo yakanasa kwenye mzizi wa mwembe. Dereva wangu, kijana makini sana, alivuta leva kama ambavyo dereva yeyote angevuta. Mzizi haukutoka. Trekta ndilo lililonyanyuka nyuma, likarudi chini kwa kishindo, ukasikika mlio mmoja mkavu kama tofali linapasuliwa. Tukazima. Nikaingia uvunguni na tochi ya simu. Kwenye kasha linalounganisha klachi na giaboksi kulikuwa na mstari mwembamba kama makali ya wembe, na oili inatoka tone kwa tone inadondokea mchangani. Niliufuta kwa kidole. Ukajaa tena.

Lori lina chasisi. Trekta la shamba, kwa sehemu kubwa, halina. Injini, klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa boliti kimoja kwa kingine, na makasha yake yenyewe ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndiyo mgongo wa mashine. Chuma cha kusubu kinavumilia kukandamizwa, lakini ukikipinda hakinyumbuki, kinapasuka. Jembe linavuta kwa nyuma, taratibu, na mikono ile mitatu imepangwa kupokea mvuto wa namna hiyo. Kijiko kinasukuma juu, kinavuta chini, kinasokota kushoto na kulia, na yote hayo ndani ya dakika moja.

Tupige hesabu kidogo, maana wengi wanadhani natisha watu. Jeki ya kijiko, yaani silinda inayosukuma mkono wake, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80 ina eneo la kama sentimita za mraba 50. Haidroliki, yaani oili inayosukumwa na pampu, ikifika presha ya baa 180, kila sentimita ya mraba inapokea takriban kilo 180. Jeki moja, tani 9. Kwenye meno ya ndoo nguvu inapungua sana kwa ajili ya urefu wa mkono, lakini kinachobaki bado kinahesabiwa kwa tani, na kama hujaitengenezea njia ya kupita itapita kwenye giaboksi lako.

Tena kupasuka kwa kasha si ndilo baya kuliko yote. Kwenye trekta nyingi haidroliki ya mikono ile inanyanyua tu. Kushuka, inashuka kwa uzito wa kifaa. Hakuna kinachoishikilia isipande. Dereva akikandamiza ndoo ardhini kwa nguvu, kijiko kizima kinaweza kujinyanyua na kujikunja kuelekea trekta, na kiti cha anayechimba kiko hapo hapo katikati. Ule mnyororo unazuia kushuka, kupanda hauzuii. Chuma kikivunjika kinanunuliwa kingine kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani. Kijana wa watu akibanwa kifua utamwambia nini mama yake? Hili ndilo linaloninyima usingizi nikikumbuka Chanika.

Gereji iliyonifungia iliponiambia watachomelea ule ufa na nirudi kazini kesho yake, nilikataa. Nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi, wa Gerezani, ambaye amezeekea kwenye trekta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo dude ulilifunga wapi?"

"Kwenye mikono ya jembe, mzee."

Hakunigombeza. Akaokota chaki, akachora trekta sakafuni kwa ubavu, kisha akapiga mstari mmoja mnene chini yake, kutoka kijiko mpaka kwenye nguzo za ndoo ya mbele. Akaugonga ule mstari kwa kidole. "Nguvu ipite hapa. Kwenye giaboksi isipite kabisa."

Mstari ule ndio fremu, na ndiyo inayostahili pesa yako kabla hujafikiria rangi wala ndoo pana zaidi. Yangu ni chaneli mbili nzito za chuma zinazopita chini ya trekta kila upande. Nyuma zimekumbatia ekseli kwa mabano, mbele zimekutana na fremu ya ndoo ya mbele, ambayo tayari imeshika pembeni mwa injini, na katikati zimefungwa pamoja kwa vyuma vya kukatiza. Kijiko kinakaa kwenye fremu hiyo kwa pini zake, na mikono ya jembe haina kazi tena. Kila kinachogusa mwili wa trekta kimefungwa kwa boliti, hakikuchomelewa, kwa sababu chuma cha kusubu ukikipa moto wa ghafla upande mmoja kinaacha nyufa pembeni ya weldi. Boliti zenyewe tazama namba ya uimara kichwani: 8.8 au 10.9. Isiyo na namba iache dukani hata ukiambiwa ni ya Ujerumani.

Haidroliki nayo ina mtego wake. Kwenye trekta kama langu oili inazunguka muda wote leva zikiwa zimetulia, inatoka kwenye pampu, inapita kwenye valvu ya ndoo ya mbele, inarudi kwenye tangi. Fundi mwenye haraka anaukata mpira wa kurudi kwenye tangi na kuupeleka kwenye valvu ya kijiko. Kitafanya kazi, ndiyo. Ila upande wa marejeo wa ile valvu ya kwanza haukutengenezwa kubeba presha, na siku ukichimba penye mawe upande huo unaweza kupasuka. Inatakiwa valvu ya mbele iwe na tundu lake maalumu la kupeleka oili yenye presha kwenye valvu inayofuata, halafu kila valvu iwe na njia yake ya wazi ya kurudi kwenye tangi. Kama haina tundu hilo, funga pampu ya pembeni inayozungushwa na shafti ya nyuma, yenye tangi lake.

Mwendo je? Jeki ile ya milimita 80 ikiwa na safari ya sentimita 60 inameza lita 3. Pampu ya lita 30 kwa dakika itaisukuma kwa sekunde 6. Kwa karo inatosha sana. Na mpira ukianza kuvuja usipapase kwa mkono kutafuta tundu: oili ya presha ile inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na huko ni hospitali haraka. Pitisha kipande cha boksi, kitakuonyesha.

Ukichimba, miguu ya pembeni ya kijiko ishushwe mpaka uzito utoke kwenye matairi ya nyuma lakini yaendelee kugusa ardhi, na ndoo ya mbele ikandamizwe chini. Kwenye mchanga wa Kigamboni weka mbao chini ya miguu.

Watu hunijibu kwamba hata JCB ilianzia juu ya trekta. Ni kweli. Mwaka 1953 Joseph Cyril Bamford wa Uingereza aliweka kijiko cha nyuma na ndoo ya mbele kwenye trekta la Fordson Major. Lakini inama utazame uvungu wa JCB ya leo, ile 3CX. Utakuta chasisi ya chuma iliyoundwa kwa ajili ya kuchimba, imetoka kiwandani hivyo. Wenzetu waliohangaika na mashine hii tangu wakati huo hawakuuacha mgongo wa trekta la shamba kwa bahati mbaya, basi na sisi tusiurudie kwa sababu tu pini zinaingia.

Mafundi wetu uwezo wanao. Fremu yangu ilikatwa, ikatobolewa na kufungwa hapa hapa mjini, kwa siku nane, na mikono ya vijana wawili wenye umri chini ya miaka 30. Tatizo ni sisi wenye mali tunaotaka trekta jioni ile ile.

Juzi kijana mmoja wa Mbagala alinipigia: kafungiwa kijiko, Jumatatu anaanza mtaro wa mabomba, anauliza atumie oili gani. Nikamwambia, mdogo wangu, kabla ya oili ingia uvunguni unipigie picha. Ikaja baada ya dakika tano. Pini mbili chini, moja juu, mnyororo mpya kabisa unang'aa. Nimemwomba asiliwashe. Jumamosi naenda kwake na chaki.